Imeingia Wapi?

Hotuba kwa wanafunzi wa uuguzi, ukunga na utabibu

Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wauguzi mliokuja hapa moja kwa moja kutoka zamu ya usiku bila hata kuvua sare, na ninyi wanangu wanafunzi: itifaki imezingatiwa. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Waliobaki, hamjambo?

Nimepewa mada pana kupita kiasi: vitu vinavyoingizwa, vinavyopachikwa na vinavyojipachika vyenyewe, kuanzia kwenye jeni hadi kwenye ngozi. Ningeifuata ilivyo tungelala hapa. Kwa hiyo nitaibana iwe swali moja. Mgonjwa akiletwa, sisi tunauliza kapewa nini, na kapewa kiasi gani. Ni maswali ya lazima. Ila lipo la tatu, ambalo kwenye fomu nyingi halijawekewa hata mstari wake: imeingia wapi?

Tuanze na sindano ya makalio, kwa sababu humu ukumbini hakuna asiyeijua. Mmefundishwa kuligawa kalio mafungu manne kwa mistari miwili ya kufikirika, kisha mchome robo ya juu ya upande wa nje. Mwanafunzi anakariri, anapata alama zake, anaendelea na maisha. Sasa fikirieni mtoto wa miaka miwili aliyekonda kwa homa, kalio lenyewe linaenea kwenye kiganja, mama kamshika miguu, mtoto anajinyonganyonga. Mistari ya kufikirika iko wapi hapo? Sindano ikishuka kidogo na kuingia ndani kidogo, inaikuta neva ya siatiki, nene kuliko neva zote mwilini. Dawa ni ileile, kipimo ni sahihi, sindano ni mpya kutoka kwenye pakiti. Wiki inayofuata mama anarudi anasema mtoto anaburuza mguu, kidole gumba kinakwaruza sakafu. Uganda madaktari wameandika sana juu ya watoto waliopooza mguu baada ya kuchomwa kwinini kwenye makalio, na Tanzania na Kenya tunawajua watu wazima wanaochechemea kwa sababu hiyohiyo, ingawa wengi waliambiwa ni polio, au waliambiwa ni mkono wa mtu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesunate badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, na hilo limepunguza balaa. Lakini antibayotiki bado zinachomwa, tena madukani, na mtu aliyefundishwa na shemeji yake. Kwa mtoto mdogo tumieni paja, upande wa mbele kuelekea nje. Hapo hakuna neva kubwa ya kuidhuru, na msuli unauona kwa macho.

Nimesema msuli, basi niguse na hilo, maana kwenye anatomia kila msuli una mahali unapoanzia na mahali unapojipachika, na najua mnavyoichukia orodha hiyo. Msiikariri tu, iulizeni kwa nini. Chukueni baisepsi, msuli wa mbele wa mkono wa juu. Kano yake inajipachika kwenye mfupa wa upande wa kidole gumba, sentimeta nne au tano hivi chini ya kiwiko. Kiganja kipo mbali, mara saba hivi ya umbali huo. Ndiyo maana ukikunja kiwiko na kushika mfuko wa sukari wa kilo 2, msuli unavuta kwa nguvu ya kama kilo 14. Ni hasara, ungesema. Lakini kano ikijipachika karibu na kiungo, msuli unajikunja kidogo tu na kiganja kinasafiri mbali, tena haraka. Na kwa kuwa imejipachika upande wa ndani wa mfupa, inaugeuza mfupa wenyewe: ndiyo inayokugeuzia kiganja kitazame juu, na ndiyo inayokusaidia kukaza skrubu kwa mkono wa kulia. Ingesogezwa karibu na kifundo cha mkono tungekuwa na nguvu za winchi na mwendo wa winchi.

Wakunga, nimewaona mnasubiri. Kitovu, yaani ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo, kwa kawaida kinajipachika katikati ya kondo la nyuma, au karibu na katikati. Katika uzazi wa mtoto mmoja, kama mara moja kwa kila 100, na mara nyingi zaidi kwa mapacha, hakifiki kwenye kondo. Kinaishia kwenye utando, na mishipa ya damu inatambaa yenyewe juu ya utando huo bila ule ute mzito unaoikinga ndani ya kitovu. Mara nyingi hakuna kinachotokea, mtoto anazaliwa na watu wanapiga vigelegele. Hatari ni pale mishipa hiyo inapopita mbele ya mlango wa uzazi. Chupa ikipasuka, au mkunga akiipasua mwenyewe kuharakisha uchungu, mshipa unachanika nayo, na damu inayotoka ni ya mtoto. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya mililita 250 hivi mwilini mwote. Haijazi chupa ya soda. Kwa mama, mililita 250 ni kitu cha kuandika kwenye faili na kuendelea kuangalia. Kwa mtoto huyu ndiyo yote aliyokuwa nayo. Kwa hiyo chupa ikipasuka na damu ikaja palepale, na mapigo ya mtoto yakaanza kushuka, msianze kubishana kama ni damu ya mlango wa uzazi. Iteni chumba cha upasuaji. Na baada ya kila uzazi, hata ule ulioenda vizuri, likunjueni kondo, lioneni lote, muandike kitovu kimejipachika wapi. Najua saa tisa usiku na akina mama wanne wakisubiri kitanda jambo hilo huonekana la anasa. Liandikeni.

Sasa naomba mniruhusu nishuke chini zaidi, kwenye jeni, na huko nitakaa.

DNA inaandikwa kwa herufi nne, na seli inazisoma tatu tatu. Hakuna nafasi kati ya neno na neno, hakuna nukta. Andikeni kwenye madaftari sentensi hii ya maneno ya herufi tatu tatu: ALI ANA MUA AJE ALE. Ingizeni herufi moja, K, baada ya neno la kwanza, kisha msome tena tatu tatu. Mnapata ALI KAN AMU AAJ EAL E. Hakuna kilichofutwa, herufi zote zipo, na hakuna anayekula mua. Ingizeni ya pili popote hapo karibu, bado ni vurugu. Ingizeni ya tatu, tuseme K, S na T katika sehemu tatu zinazokaribiana: ALI KAN ASM UTA AJE ALE. Katikati pameharibika, lakini mwisho umerudi wenyewe. Aje ale.

Francis Crick, Sydney Brenner na wenzao wawili walifanya jambo hilohilo mwaka 1961 kule Cambridge, kwa virusi vinavyoshambulia bakteria na kemikali inayochomeka au kuchomoa herufi. Mchomeko mmoja uliua jeni. Miwili iliua. Mitatu ikaifufua. Hivyo ndivyo walivyojua kwamba maisha yanasomwa tatu tatu, kabla mtu yeyote hajaweza kuisoma DNA herufi kwa herufi. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote yaliyowahi kufanywa, na vifaa vyake vilikuwa sahani za bakteria na akili.

Ugonjwa wa Tay-Sachs, unaoua ubongo wa mtoto kabla hajaanza shule, katika sura yake inayojulikana zaidi miongoni mwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki ni herufi nne zilizoingia mahali pasipostahili. Nne, hazigawanyiki kwa tatu. Na pale ambapo zilizoongezeka zinagawanyika kwa tatu, msidhani ni salama: ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, ni herufi tatu zilezile, CAG, zilizorudiwarudiwa. Watu wengi wana marudio yasiyofika 27. Akifikisha 40 na kuendelea, ugonjwa utamjia akiishi muda wa kutosha.

Vipande vikubwa navyo huingia, na vingine vinatembea. Barbara McClintock, Mmarekani, alikuwa mtu wa mahindi. Aliyatazama mahindi yenye punje za madoadoa kwa miaka, mstari kwa mstari shambani, akasema kuna vipande vya jeni vinavyohama, vikitua kwenye jeni ya rangi vinaizima, vikiondoka rangi inarudi, na doa ni alama ya mahali ambapo kipande kiliondoka punje ikiwa bado inakua. Alilisema mbele ya wenzake mwaka 1951 na wengi hawakujua walifanyie nini. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Hata zile njegere zilizokunjamana za Mendel, baba wa elimu ya urithi, ambazo kila mwanafunzi wa kidato cha nne amezichora, mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba zimekunjamana kwa sababu kipande cha herufi kama 800 kilitua kwenye jeni ya kutengeneza wanga. Mendel alikuwa anahesabu matokeo ya mchomeko bila kujua. Na ninyi na mimi, karibu nusu ya DNA yetu ni mabaki ya vipande vya aina hii, vingi vimekufa zamani. Vichache bado vina uhai. Mwaka 1988 Haig Kazazian na wenzake walichunguza wagonjwa 240 wa hemofilia, damu isiyoganda, wakakuta wawili ambao kipande kilikuwa kimetua upya kwenye jeni ya kugandisha damu, wazazi wao hawakuwa nacho hapo. Kingetua hatua chache pembeni, kwenye maeneo ya DNA yasiyo na kazi ya maana, wavulana wale wangecheza mpira kama wengine.

Nimefika kwenye kirusi tunachokijua kwa majina ya jamaa zetu.

VVU vikiingia kwenye seli vinaandika nakala yao ya DNA, kisha kimeng'enya chao, integresi, kinaikata DNA yetu na kuichomeka nakala hiyo ndani ya kromosomu. Havichagui popote tu. Vinapendelea maeneo ya jeni zinazofanya kazi. Kuanzia hapo ile si seli yenye mgeni. Ni seli ambayo ugonjwa umekuwa sehemu ya maandishi yake, na ikigawanyika inavinakili pamoja na vyake. Baadhi ya seli hizo zinanyamaza kabisa, hazitengenezi virusi, dawa haina cha kuzuia, kinga haina cha kukiona. Ndiyo sababu mteja wenu aliyefubaza virusi kwa miaka kumi, kipimo kinasoma havionekani, akiacha dawa vinarudi kupimika ndani ya wiki chache. Hakukosea masharti, wala hakupewa dawa feki. Vilikuwepo mahali.

Na hapa nataka mjue mnachogawa kila siku pale dirishani. Kidonge kile cha TLD kina dawa tatu. Tenofovia na lamivudini zinazuia uandishi wa nakala. Dolutegravia inaishika integresi yenyewe na kuizuia isichomeke. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wote kama chaguo la kwanza. Mama anayemeza kidonge chake saa mbili usiku akiwa anasikiliza taarifa ya habari anazuia, usiku ule, kirusi kisipate makazi katika seli mpya. Mwambieni hivyo. Wengi tunawaambia "meza kila siku, usiruke", kama tunavyomwambia mtoto aoge. Mtu mzima akielewa kinachozuiwa anaishika dawa kwa namna nyingine.

Kwa kuwa virusi ni mafundi wa kuchomeka, wanasayansi wakajiuliza: kwa nini tusiwatume? Hospitali ya Necker, Paris, madaktari Alain Fischer na Marina Cavazzana walikuwa na watoto wa kiume waliozaliwa bila kinga kabisa kwa sababu jeni moja haifanyi kazi. Walichukua uboho wa mtoto, wakatumia kirusi cha panya kilichotolewa makali kuingiza jeni nzima, wakamrudishia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na dunia ilisimama: kinga ikajengeka, watoto wakatoka vyumba vya kutengwa wakaenda nyumbani. Mwaka 2002 mmoja akaonekana na saratani ya damu. Kisha mwingine. Jumla, kati ya watoto 20 waliotibiwa Paris na London, 5 walipata saratani hiyo na mmoja alifariki. Jeni waliyopewa haikuwa na kasoro. Ilitua jirani na jeni inayoamrisha seli ziongezeke, kirusi kikiwa na swichi yake mwenyewe, na swichi ile ikawasha jirani. Watu wengine hukisimulia kisa hiki kama ushahidi wa kiburi cha wazungu. Mimi sikubaliani nao. Bila matibabu, na bila ndugu wa kuwapa uboho unaolingana, watoto wale wengi wasingemaliza utoto. Na tulichojifunza pale kimefanya virusi vya sasa viundwe bila swichi ile.

Tarehe 8 Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba iitwayo Lyfgenia kwa wagonjwa wa sikoseli kuanzia miaka 12. Jeni ya himoglobini iliyorekebishwa inaingizwa kwenye seli za uboho, na kinachoibeba kimetengenezwa kutokana na VVU. Ndiyo, nimesema VVU. Vimenyang'anywa kila kitu cha kuzaliana, vikaachiwa ule ufundi wa kuchomeka. Bei yake iliyotangazwa ni dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja, na karatasi yake ina onyo zito kuhusu saratani ya damu, maana swali la imetua wapi halijaisha. Kwa wagonjwa wetu wa sikoseli, nchini ambako huzaliwa maelfu kila mwaka, tiba hii leo ni habari ya kusoma. Dawa yetu inayoshikika ni haidroksiyurea, na kazi yetu ni kuhakikisha ipo kwenye rafu. Nisingependa mtu atoke hapa akamwahidi mzazi Lyfgenia.

Kinachochomekwa kwenye DNA, ukikosea mahali, huna namna ya kukichomoa. Kijiti cha uzazi wa mpango, kwa bahati nzuri, kinachomoka. Namalizia na hicho.

Kijiti kimoja cha Implanon NXT kina urefu wa sentimeta 4 na unene wa milimita 2. Kila kijiji nilichofanya kazi nimekikuta na hadithi: kijiti kilitembea kikaenda kwenye moyo, kijiti kilipotelea tumboni. Msiwacheke wanaosimulia. Zipo taarifa za kitabibu, nadra sana, za kijiti kukutwa kwenye mshipa wa damu wa pafu. Lakini kinachoitwa kutembea, mara nyingi sana, ni kijiti kilichowekwa kina kirefu tangu siku ya kwanza, ndani ya msuli au chini yake, kisha siku ya kukitoa hakipapasiki. Na mkono wa juu upande wa ndani una mtaro kati ya baisepsi na traisepsi, ambamo mishipa mikubwa ya damu na neva za mkono zimepita. Siku ya kuweka ilikuwa dakika tatu. Siku ya kutoa inakuwa picha ya eksirei, kijiti kina bariamu ndani yake kwa hiyo kitaonekana, kisha altrasaundi, rufaa, nauli, na mwanamke anayetaka kupata mtoto anasubiri miezi.

Basi mkono usiotumika sana. Mama alale chali, akunje kiwiko, kiganja kiende chini ya kichwa. Mkao huo unaisogeza neva mbali nanyi. Pimeni kwa rula, si kwa jicho: sentimeta 8 hadi 10 kutoka kwenye nundu ya ndani ya kiwiko, kisha mshuke sentimeta 3 hadi 5 kuelekea nyuma, mkiuacha ule mtaro. Ganzi chini ya ngozi. Ncha ikishaingia, lazeni sindano na muinue ngozi nayo, mpaka mwone umbo lake likipita chini ya ngozi kwa urefu wote. Msipoliona, mmezama, rudisheni nyuma. Mkimaliza papaseni ncha zote mbili, kisha mshikeni mama kidole chake apapase mwenyewe. Asipokisikia, asiondoke na uhakika ambao hamna: apewe kondomu na apangiwe picha.

Mikono ya plastiki iko kwenye meza zile tatu, rula zipo, kalamu za kuchorea ngozi zipo. Nataka kila mmoja achore kwanza alama zake, mwenzake azipime, ndipo ashike sindano. Wakunga waanze, wana wodi saa nane.